Dozi ya Pili Ilitupotezea Wasichana

Wizara ya Afya ilikosea kung'ang'ania dozi mbili za chanjo ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, baada ya Aprili 2022, na walioumia zaidi ni wasichana wa Garissa, Wajir na Mandera.

Mwezi huo yalichapishwa matokeo ya utafiti wa KEN SHE: wanawake 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, na dozi moja ikazuia aina ya 16 na 18 za HPV kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Ushahidi ulitoka hapa hapa Kenya. Wataalamu wa WHO wakaunga mkono dozi moja mwezi uo huo. Tanzania ikabadili 2024. Sisi tukangoja hadi 2025.

Miezi sita kati ya dozi, kule Balambala, Garissa, ilikuwa umbali mkubwa. Msichana wa miaka kumi alichanjwa wakati wa Gu, mvua za masika. Ilipofika Deyr, mvua za vuli, familia ilikuwa imefuata malisho, kadi imo ndani ya mizigo juu ya ngamia, na zahanati iliyo karibu haikuwa na jina lake daftarini. Nairobi ikamwandika mtoro. Mtoro wa nini, ilhali dozi aliyopata ilikwisha kuonekana inatosha?

Sayansi yenyewe haina doa. Katika chanjo hii, protini za L1 za kirusi hujipanga zenyewe kuwa chembe ya takriban nanomita 55, yenye sura ya kirusi na ndani tupu, na mwili huikariri sura hiyo barabara. Wahudumu wanaotunza nyuzi 2 hadi 8 katika joto la Garissa nao wamefanya kazi safi.

Kasoro iko kwingine. Nimesema na sitachoka kusema: mipango yetu hutungwa kwa mtoto aliyeketi darasani. Wachanjaji wa ndui walibeba sindano ya ncha mbili wakawafuata wafugaji kambini, wakamaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, aliyeugua ndui mwaka 1977, mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida, alipona, na baadaye akawa akiwashawishi wazazi kuhusu chanjo ya polio hadi alipofariki 2013. Hao walijua mtu hufuatwa alipo.

Sasa dozi ni moja. Ipelekwe duksi (shule za Kurani), visimani na soko la mifugo. Na kila msichana asiye na VVU aliyepata dozi moja aandikwe amekingwa, jina lake litoke kwenye orodha ya watoro.