Valvu Isiyo na Jina

Fundi mmoja hutengeneza amplifaya za gitaa kusini mwa London, lakini ukikaa naye utaona kuwa muda wake mwingi hauishii kwenye gitaa. Unaishia mezani, chini ya taa ya kuinamisha, penye lenzi ya mkononi, brashi laini na boksi la valvu zilizonunuliwa kwa mkupuo bila kuchambuliwa. Valvu ni zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio kubwa za sebuleni kabla ya transista. Redio ziliachana nazo zamani. Amplifaya nyingi za Marshall, Vox na Fender bado zinazitumia, kwa sababu wapiga gitaa wanapenda jinsi sauti inavyokwaruza valvu inaposukumwa kupita uwezo wake.

Mpya zipo, zinatoka Urusi, China na Slovakia. Yeye hutafuta za miaka ya 1950 na 1960, na hazitafuti kwenye maduka ya magitaa, ambako bei imeshapanda. Hutafuta penye vyombo ambavyo hakuna anayevitaka: rekoda za mikanda, vinanda vya umeme vya makanisani, redio-gramu ambazo sahani zao za santuri hazizunguki tena. Redio-gramu nyingi za Ulaya zilisukuma spika zao kwa valvu za aina ya EL84, na amplifaya ya Vox AC30 huhitaji nne za aina hiyo. (Mwenye redio ya babu stoo, Tanga au Mombasa, asiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hajafungua kifuniko cha nyuma.)

Valvu aliyoishika sasa imetoka kwenye kiboksi kilichoandikwa RCA, kampuni ya Marekani. Kiboksi hakimshawishi. Viwanda viliuziana mali na kila kimoja kikapiga chapa yake juu ya kazi ya mwenzake, na tangu hapo maboksi yamebadili wamiliki mara nyingi. Kwenye kioo chenyewe maandishi yamefutika.

Huanza kwa kutogusa. Rangi ya maandishi ya zamani hutoka kwa kidole gumba tu, kwa hiyo huishika valvu kwa ncha ya juu na chini kwenye pini, na vumbi huliondoa kwa brashi akizunguka mahali anapodhani palikuwa na jina. Kisha huipumulia. Ukungu wa pumzi hushika tofauti pale wino ulipokaa kwa miaka, na kwa sekunde mbili tatu yanaonekana maneno: Great Britain. Ukungu unakauka, anapumua tena, anasoma tena. Hiyo valvu haikutengenezwa Marekani.

Anaigeuza kwenye taa. Kileleni, ndani ya kioo, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hiyo ni bariamu, iliyochomwa kiwandani ili imeze hewa iliyobaki ndani ya chupa. Likiwa la fedha au la kahawia, valvu ina matumaini. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hapo hapotezi hata dakika moja zaidi. Hili ni la fedha.

Karibu na pini, lenzi inaokota alama ndogo za kijivu ambazo mwenye pupa angezifuta akidhani ni uchafu: I63, na chini yake B2A3. Huu ni utaratibu wa Philips, kampuni iliyokuwa ikimiliki Mullard, watengenezaji wa valvu wa Uingereza. I6 ni aina, ECC83, na 3 ni toleo. B ni kiwanda cha Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, kilichoanza mwaka 1938; ingetoka Heerlen, Uholanzi, pangekuwa na alama ya pembetatu. 2 ni mwaka, A ni Januari, 3 ni wiki. Mwaka una tarakimu moja tu, kwa hiyo ni 1952, 1962 au 1972? Hapo huacha alama na kutazama maumbile. ECC83 nyingi za Blackburn za miaka ya 1950 zilikuwa na mabamba marefu na alama ya mC1. Hii ina mabamba mafupi, na namba ya toleo inamvuta kwenye 1962.

Hata hivyo haamini mpaka umeme useme. ECC81, ECC82 na ECC83 zina chupa ya umbo moja, pini tisa na mpangilio uleule wa pini, na ukiitia isiyo yake kwenye soketi itawaka kama kawaida. Kwanza anagusisha mita kwenye pini 4 na 5 kuona kama hita haijakatika. Ndipo anaipeleka kwenye AVO, mashine ya Kiingereza ya kupimia valvu, anaseti volti 250 kwenye anodi na volti 2 hasi kwenye gridi, na kusubiri. Wengi husoma mapema. Yeye huiacha ipate moto vizuri. ECC83 nzima hupitisha kama miliampea 1.2 hapo, na ECC81 hupitisha 10, kwa hiyo sindano yenyewe hutaja jina. Ndani ya chupa kuna triodi mbili, na kila moja hupimwa peke yake. Ya kwanza inatoa 1.3, ya pili 1.1.

Mwisho anaichomeka kwenye amplifaya iliyo tayari, sauti juu, na kuigonga taratibu kwa kitako cha penseli. Spika inajibu kwa mlio wa kengele. Kuna kitu ndani kinachotikisika. Kwenye hatua ya kwanza, panapoingia waya wa gitaa, haiwezi kukaa, maana hatua zote zinazofuata zitaukuza mtikisiko huo. Lakini mbele zaidi, kwenye nafasi inayozigawia sauti zile valvu kubwa za mwisho, mlio huo hausikiki. Anaandika kwa penseli kwenye kiboksi kipya cheupe: ECC83, Blackburn, 1.3 na 1.1, si ya hatua ya kwanza. Kile cha RCA anakiweka kando. Kuna siku atapata valvu ya RCA isiyo na kiboksi.