Kupitia Mabadiliko

Siku hizi kila kitu "kinapitia mabadiliko". Elimu inapitia mabadiliko, shirika linapitia mabadiliko, hata mji wetu wa Tunduma nasikia nao unapitia mabadiliko. Chanzo si siri. Waingereza husema "going through changes", nasi tumeyachukua maneno yao moja moja tukayavika kanzu.

Sisi wa Chapwa tunakijua vizuri kitenzi hiki. Malori ya Dar es Salaam huenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma, na lori likishapitia Tunduma huwa ni lori lile lile. Mwalimu naye hupitia madaftari, yaani huyakagua. Basi ukimwambia mzee wa hapa kwamba shirika linapitia mabadiliko, ana haki ya kudhani wakubwa wameketi wanayasoma kabla ya kutia saini. Kitenzi cha Waingereza huingia ndani ya jambo na kulistahimili. Chetu hushika njia.

Sina ugomvi na kukopa. "Kipindi cha mpito" kimetokana na kupita, na kinafaa, maana mpito ni njia kweli: nyuma kuna ulichokiacha, mbele kuna unakokwenda.

Ugomvi wangu ni juu ya kinachofichwa. Kiswahili kina kubadilika, na kina kubadilishwa. Mkungu wa ndizi hubadilika rangi wenyewe. Lakini sema kitu kimebadilishwa, na msikilizaji atauliza papo hapo: na nani? Ile -wa ya mwisho inamdai mtendaji ajitokeze. "Kupitia mabadiliko" humpa pa kujificha. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990, wafanyakazi wengi walipunguzwa kazini. Walipunguzwa: neno kali, lakini lina mtu nyuma yake. Andika leo kwamba mashirika yale "yalipitia mabadiliko", na waliorudi vijijini na masanduku yao hawamo tena katika sentensi.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Hapo hakuna fumbo; serikali ilimega.

Walimu vijana huniletea insha zao nizisome, labda kwa kuwa nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu na kalamu nyekundu ninayo bado. Nikikuta kitu kinapitia mabadiliko, naandika pembeni: nani kabadilisha nini? Insha hurudi ikiwa ndefu zaidi, na mara nyingine ina watu ndani yake.