Karabai ya Shaba: Nunua Pumzi, Usinunue Mng'aro

Ukiingia soko la Karatina kutafuta karabai kuukuu, utaonyeshwa kwanza ile inayong'aa. Imesuguliwa hadi unajiona uso, kioo kimepanguswa, mpini umepakwa rangi. Iache hapo. Uliza kama kuna nyingine, ile chafu iliyosukumwa chini ya meza, yenye masizi kofiani na utando wa buibui pampuni. Hiyo ndiyo yenye habari za kweli, maana hakuna aliyehangaika kuficha lolote.

Karabai hufanya kazi kwa pumzi. Unapiga pampu, hewa inajaa tangini na kuyasukuma mafuta ya taa yapande bomba lenye moto. Humo yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwa nguvu kwenye kitundu chembamba kuliko tundu la sindano, unajichanganya na hewa na kuwaka ndani ya soksi nyeupe. Ule mvumo ambao sisi tuliokulia Mukurwe-ini tunaukumbuka kutoka kwenye mikesha ya kanisa na matanga ni sauti ya pumzi hiyo ikitoka. Tangi lisiloshika pumzi ni sufuria ya bei ghali.

Leo karabai hizi zinapatikana kwa sababu hazina kazi tena. Mradi wa kusambaza umeme vijijini wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, nyumba nyingi za milimani zilipata balbu. Kisha mwaka 2018 serikali ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, na hata waliobaki na taa za mafuta wakaziweka stoo. Kutoka stoo kuna njia mbili: kwa mpenzi wa vitu vya kale, au kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Ukinunua kwa huyo wa pili, hakikisha ana leseni na uombe risiti, kwa maana biashara hiyo ina sheria yake tangu 2015. Jua pia kwamba bei ya shaba kwa kilo ndiyo bei ya chini kabisa ya taa yoyote. Anayekuuzia chini ya hapo, jiulize aliipata wapi.

Soma tangi kabla ya kuligusa

Zungusha taa polepole utafute maandishi yaliyogongwa kwenye tangi. Petromax ni jina la Berlin, la kampuni ya Ehrich & Graetz, na lilitokana na jina la Max Graetz mwenyewe. Nambari 500 iliyo kando yake ni nguvu ya mwanga kwa kipimo cha mishumaa. Taa hiyo hubeba kama lita moja ya mafuta na kuwaka takriban saa nane, yaani kesha zima. Tilley ni ya Uingereza: haina mshale wa kupimia hewa, na bomba lake la mvuke hung'oka zima likabadilishwa kama balbu. Optimus na Radius zimetoka Sweden, Hipólito Ureno, Prabhat India. Anchor na Butterfly ni za China, zimefuata umbo la Petromax hatua kwa hatua.

Usidharau za China kwa jina tu. Baadhi zina tangi zuri la shaba, na vipuri vyake ndivyo rahisi kupata. Kinachotofautisha ni umaliziaji. Fungua kifuniko cha mafuta kisha ukifunge. Hesi iliyochongwa vizuri huingia kwa vidole viwili na kusimama pale pale kila mara. Hesi mbaya hukwaruza, hukaa upande, nawe unajikuta unatafuta koleo. Kama kifuniko tayari kina alama za meno ya koleo, mwenye taa aliwahi kuhangaika na uvujaji. Andika hilo akilini.

Shaba, na nyufa za zizini

Beba sumaku ndogo. Matangi mengi yalipakwa kromu, na chini ya kromu huwa kuna shaba au chuma. Sumaku ikining'inia, ni chuma, na chuma kilichokaa na mafuta yenye maji kidogo kwa miaka huoza kwa ndani. Sumaku ikiteleza na kuanguka, una shaba mkononi. Kwenye shingo na chini ya tangi, pale kromu ilipokwisha kwa kushikwashikwa, utaiona rangi yake ya manjano.

Lakini shaba nayo ina adui, na adui huyo yuko katika kila boma la Nyeri: zizi la ng'ombe. Mkojo wa mifugo hutoa amonia, na amonia hupasua shaba iliyofinyangwa kwa nguvu bila kupashwa moto baadaye. Waingereza waliligundua hilo India, walipohifadhi risasi zao katika mazizi ya farasi msimu wa mvua. Maganda ya shaba yalipasuka yenyewe, na sababu haikuelezwa vizuri hadi mwaka 1921. Karabai iliyotundikwa miaka kumi juu ya ng'ombe wa gredi iko katika hali ile ile ya maganda hayo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji si bei. Namwuliza: "Guka, hii taa ilikuwa inakaa wapi?" Akijibu jikoni, natabasamu. Akijibu kwa ng'ombe, navaa miwani.

Nyufa hizo ni nyembamba kama unywele, na hupenda mahali shaba ilipokunjwa: ukingo wa chini, mzunguko wa shingo, kando ya pampu. Pitisha ukucha. Kisha tafuta lihamu, lile doa la kijivu lililosuguliwa hadi likafanana na shaba. Mimi liliniponyoka mara moja. Nilinunua taa maridadi, nikaijaza, nikaipiga pampu, nikaiweka mezani mbele ya wageni. Dakika arobaini baadaye kitambaa cha meza kilikuwa kimelowa mduara mzima wa mafuta ya taa. Lihamu laini huziba maji, haistahimili hewa iliyoshindiliwa. Tangi lililopasuka au kutiwa lihamu liweke kabatini kama pambo, na ulilipie bei ya pambo.

Mtihani wa chai

Huu ndio mtihani mkuu, na hauhitaji kifaa chochote. Hakikisha tangi halina mafuta na hakuna moto karibu. Funga kila kitu, piga pampu. Tangu pigo la kwanza sikiliza mkono wako: pampu nzima hukupinga zaidi kila unaposukuma. Ikiwa inaingia laini kama kisu kwenye siagi, ngozi ya pampu imekauka, na hilo ni tatizo dogo. Ikiwa mpini unarudi juu wenyewe, vali ya chini haishiki. Nalo linatibika.

Endelea hadi mshale ukaribie alama nyekundu, kisha mwambie muuzaji, "Tuiache kidogo, twende tunywe chai." Anayeijua taa yake atakubali. Anayesitasita amekwisha kukujibu. Kabla ya kuondoka, paka povu la sabuni kwenye maungio yote kwa brashi ya meno. Kipovu kinachovimba polepole kwenye shingo kinaashiria kiungo cha kubadilishwa, ila kinachovimba katikati ya tangi ndicho cha kukurudisha nyumbani.

Ukirudi, usiuamini mshale peke yake, kwani mishale mizee hukwama. Legeza parafujo ya kutolea hewa na uone kama unashuka hadi sifuri huku taa ikipiga mluzi. Kwa Tilley, isiyo na mshale, mluzi ndio shahidi wako pekee.

Kuboresha bila kuharibu

Ukishainunua, anza na vitu laini. Ngozi ya pampu utaipata kwa fundi viatu yeyote mjini Nyeri: kipande cha ngozi ya ng'ombe, kikatwe mviringo, kilowekwe kwenye mafuta ya mashine usiku kucha, kisha kikunjwe kama kikombe. Kwa vali na kifuniko, mkatalie fundi atakayechukua mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo huvimba ukikutana na mafuta ya taa, na baada ya wiki mbili taa yako itakuwa haipumui. Nenda duka la vipuri vya magari uombe mpira unaohimili petroli.

Kitundu cha mvuke kikichakaa, mwali hukohoa na kuwa wa manjano. Kinunue kipya na sindano yake ya kuzibulia, usijaribu kukitoboa upya. Kioo cha asili cha Petromax kilikuwa cha kiwanda cha Schott, chenye jina Suprax. Ukikipata kizima, kitunze kama yai. Vipande vya kioo cha dirisha havistahimili tone moja la manyunyu ya Julai yakiangukia taa iliyo moto.

Soksi ni uvumbuzi wa Mwaustria Carl Auer von Welsbach. Zile za zamani zina thoriamu, madini yenye mnururisho kidogo, kwa hiyo majivu yake usiyapulize kwa mdomo. Zipo mpya zisizo nayo. Na kile kibanio cha Tilley cha kupashia moto kwa spiriti, kikiwa cha zamani, huenda kina asbesto: kitupe, ununue kipya.

Kuhusu kung'arisha, sugua kidogo. Dawa nyingi za shaba zina amonia, ile ile ya zizini, basi osha kwa maji na sabuni ukimaliza. Na anayekushauri utoboe tangi upitishe waya wa balbu, mshukuru na umwonyeshe mlango. Tangi lililotobolewa halina thamani kwa mpenzi yeyote wa karabai.

Taa ya mlimani

Kuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo cha Berlin hakikulifikiria. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama moja ya tano. Taa iliyorekebishwa pwani huku inaweza kutoa mwali wa manjano na masizi ingawa kila kipuri ni kizima. Kabla ya kuilaumu, sogeza bomba la kuchanganyia mbali kidogo na kitundu ili livute hewa zaidi, na upige pampu kwa ukarimu. Tumia mafuta ya taa yaliyotoka kituo unachokiamini. Petroli hata kidogo tangini ni bomu. Na baridi ya Nyeri isikufanye ufunge madirisha yote: karabai inapumua hewa ile ile unayoipumua wewe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo bado uko Karatina, chai imekwisha, muuzaji anakutazama mkono. Legeza ile parafujo. Ikipiga mluzi mrefu, anza kujadili bei. Ikikaa kimya, lipia chai ya watu wawili uende zako.