Dola Milioni 10 Ndani ya Mkataba wa Mahomes

Julai 2020, Kansas City Chiefs ilimwongezea Patrick Mahomes mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 450. Ukijumlisha na bonasi za mafanikio, unafika milioni 503, na tarakimu hiyo ya nusu bilioni ndiyo iliyobeba vichwa vya habari. Waliozijua hesabu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, waliitafuta tarakimu nyingine, ndogo zaidi: bonasi ya kusaini. Ilikuwa dola milioni 10 tu. Kijana wa miaka 24, aliyekuwa ametoka kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, miezi mitano kabla, alikubali kupewa fedha kidogo mwanzoni na kujifunga na klabu moja hadi msimu wa 2031. Karibu kila kitu ambacho klabu hiyo imefanya tangu siku ile kimejengwa juu ya makubaliano hayo mawili, bonasi ndogo na muda mrefu.

Mahomes ni kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu, aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye uzito huo, wala inayolipwa kiasi hicho. Katika soka la Ulaya, mmiliki mwenye fedha humlipa nyota wake na bado akabaki na za kuwalipa wengine. NFL imeufunga mlango huo. Tangu 1994, ukiacha msimu wa 2010 uliochezwa bila kikomo, klabu zote zimewekewa kiwango kimoja cha juu cha kutumia kwa mishahara. Mwaka ule wa kwanza kilikuwa dola milioni 34.6, Mahomes aliposaini kilikuwa milioni 198.2. Kiwango hicho hupangwa kutokana na mapato ya ligi, na kinawafunga tajiri na asiye tajiri sawasawa. Kikosi kina wachezaji 53. Kila dola inayoandikwa kwa jina la kwotabeki inapunguza fungu la wale 52 waliobaki.

Ila neno la kushika hapo ni "inayoandikwa". Fedha anayolipwa mchezaji na fedha inayohesabiwa kwenye kikomo ni vitu viwili tofauti. Mshahara wa msimu huhesabiwa msimu ule ule, lakini bonasi ya kusaini hulipwa mapema na kuhesabiwa kidogo kidogo, kwa miaka isiyozidi mitano. Ni kama mpangaji anayempa mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha kwenye daftari lake la matumizi akaandika ya mwezi mmoja mmoja. Hatari inakuja mchezaji anapoondoka kabla daftari halijafungwa, kwani sehemu zote ambazo hazijahesabiwa huiangukia klabu. Huitwa fedha mfu, maana zinakula nafasi ya watu walio hai kikosini bila kumleta uwanjani mtu yeyote.

Kwa hiyo bonasi ndogo ya Mahomes ilimaanisha daftari karibu tupu. Sehemu kubwa ya malipo yake ilipangwa kama bonasi za kuwamo kikosini, zinazolipwa mwaka baada ya mwaka kila Machi, na kila bonasi ikapewa uhakika mwaka mmoja kabla ya kulipwa. Klabu ikitaka kumtema, inapaswa kuamua mapema mno, wakati ambapo hakuna mwenye akili timamu angemtema. Mahomes alilindwa kwa njia hiyo bila Kansas City kulazimika kumdhaminia mamia ya mamilioni siku ya kwanza. Na kwa kuwa bonasi za namna hiyo huhesabiwa zote katika mwaka zinapolipwa, klabu ilibaki na uwezo wa kuzigeuza kuwa bonasi za kusaini wakati wowote ikibanwa.

Ilibanwa upesi kuliko ilivyotarajiwa.

Februari 2021, Tampa Bay iliichapa Kansas City 31-9 katika Super Bowl. Walinzi wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, na Mahomes alitumia usiku mzima akikimbia nyuma ya ukuta uliobomoka. Hakupata hata mguso mmoja wa alama. Juu ya hayo, korona ilikuwa imevifunga viwanja, mapato yakashuka, na kikomo cha 2021 kikaporomoka hadi dola milioni 182.5. Klabu ilihitaji ukuta mpya katika mwaka ambao kila mtu alikuwa na fedha pungufu.

Machi hiyo meneja mkuu, Brett Veach, na watu wake wa hesabu waliufungua mkataba. Bonasi ya Mahomes ya mwaka huo, dola milioni 21.7, ikageuzwa kuwa bonasi ya kusaini. Mahomes hakupoteza senti. Alilipwa fedha ile ile. Kwenye kikomo, hata hivyo, milioni 21.7 ziligawanywa kwa mitano, kama milioni 4.3 kwa mwaka, na nafasi ya zaidi ya milioni 17 ikapatikana papo hapo. Gharama yake ya 2021 ilishuka kutoka milioni 24.8 hadi takriban 7.4. Fisher na Schwartz waliachwa. Joe Thuney akasajiliwa kwa miaka mitano na dola milioni 80, Orlando Brown Jr. akaletwa kwa kubadilishana na Baltimore, na katika drafti, uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi, wakachaguliwa Creed Humphrey, raundi ya pili, na Trey Smith, raundi ya sita. Msimu ulipoanza, wote watano wa mstari wa mbele walikuwa wapya katika nafasi zao. Ni nadra kuona kosa la Februari likirekebishwa kabisa kufikia Septemba, na bila ule mkataba mrefu uliokuwa na daftari tupu, isingewezekana kwa kasi ile.

Mwaka uliofuata ulihitaji ujasiri wa aina nyingine. Tyreek Hill, mpokeaji mwenye kasi ya kutisha, alitaka kulipwa kama bora wa nafasi yake. Kansas City ingeweza kuugeuza tena mkataba wa Mahomes, imlipe Hill, na kusukuma deni mbele. Haikufanya hivyo. Machi 2022 ilimpeleka Miami, ambako alipewa nyongeza ya miaka minne yenye thamani ya dola milioni 120, nayo ikapokea chaguo tano za drafti. Uamuzi huo, kuliko hata mkataba wenyewe, ndio unaostahili kusomwa kwa makini, kwa sababu klabu nyingi zenye kwotabeki bora hushindwa hapo. Hushika kila nyota wa zamani mpaka hesabu ziwafike shingoni. Chaguo za Miami zilisaidia kumpata beki Trent McDuffie, na zikafungua njia ya kumpata Skyy Moore. Jaylen Watson na Isiah Pacheco walitoka raundi ya saba, mahali ambapo klabu nyingi huokota majina ya kujazia kambi.

Msimu huo wa 2022 Mahomes alihesabiwa dola milioni 35.8, yaani asilimia 17.2 ya kikomo. Tangu Steve Young wa San Francisco alipotwaa ubingwa wa msimu wa 1994 akibeba asilimia 13.1, hakuna kwotabeki aliyekuwa ametwaa Super Bowl akiwa na sehemu kubwa kuliko hiyo, na wachambuzi walikuwa wameanza kuiona kama sheria ya asili. Kansas City iliifunga Philadelphia 38-35. Moore alipata mguso wake wa kwanza katika NFL usiku ule ule, katika robo ya mwisho, na Pacheco naye alifunga. Hesabu ya Young ilikuwa imekosewa tafsiri kwa miaka mingi: asilimia 17 haikuwa mzigo usiobebeka, mradi waliomzunguka kwotabeki wawe vijana wa bei nafuu waliochaguliwa vizuri.

Unafuu huo wa vijana una historia yake. Mwaka 2010, St. Louis Rams ilimchagua Sam Bradford wa kwanza na kumpa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, huku milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajacheza mchezo hata mmoja. Mkataba wa pamoja wa 2011 kati ya ligi na wachezaji ukaweka viwango vya chipukizi, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akapata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo, kwotabeki mzuri aliye katika mkataba wake wa kwanza amekuwa mali isiyo na mfano. Seattle ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013 na Russell Wilson, chaguo la raundi ya tatu, akihesabiwa chini ya dola 700,000.

Wilson huyo huyo ndiye anayeonyesha upande wa pili. Denver ilimchukua mwaka 2022 kwa chaguo mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na wachezaji watatu, miongoni mwa mengine. Kabla hajaichezea mchezo wa ligi, ikamwongezea miaka mitano yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 240. Timu ilimaliza na ushindi mara 5 na kushindwa mara 12. Machi 2024 aliachwa, na Denver ikabaki na fedha mfu za dola milioni 85, zilizogawanywa kwa misimu miwili. Cleveland ilienda mbali zaidi kwa Deshaun Watson: dola milioni 230, zote za uhakika, pamoja na chaguo tatu za raundi ya kwanza. Kisha zikafuata adhabu ya ligi na majeraha. Klabu hizo mbili zililipa mapema kwa kitu ambacho hazikuwa zimekiona kikifanya kazi mikononi mwao. Kansas City ilikuwa imekwisha kukiona.

Philadelphia nayo ina njia yake, na imefanikiwa. Jalen Hurts alisaini milioni 255 kwa miaka mitano mwaka 2023, lakini mwaka huo alihesabiwa kama milioni 6 tu. Klabu hutumia bonasi za hiari na miaka hewa, yaani miaka iliyoandikwa mkatabani ambayo hakuna anayetarajia ichezwe, ili kuzigawanya gharama mbali zaidi. Njia hiyo inategemea kikomo kuendelea kupanda, na hadi sasa kimepanda: milioni 255.4 mwaka 2024, milioni 279.2 mwaka 2025.

Kupanda huko kulimpunja Mahomes. Wastani wake wa milioni 45 ulipitwa na mmoja baada ya mwingine, hadi Dak Prescott wa Dallas alipofika milioni 60 kwa mwaka mnamo 2024. Aliyejifunga kwa miaka kumi ndiye aliyelipa gharama ya unafuu wa klabu, na haki ilidai arudishiwe kitu. Hata kabla ya Prescott, Septemba 2023, pande mbili zilikaa upya, malipo ya miaka ya mbele yakavutwa karibu, na Mahomes akahakikishiwa dola milioni 210.6 kati ya 2023 na 2026. Kwa kipindi cha miaka minne, hakuna mchezaji wa ligi hiyo aliyekuwa amewahi kupata zaidi.

Ukuta wa 2021 ulikuwa umeanza kuwa ghali nao. Brown alikwenda Cincinnati mwaka 2023. Humphrey alipata mkataba wa dola milioni 72 mwaka 2024, na pengo aliloliacha Brown pembeni halikuzibika. Katika Super Bowl ya Februari 2025 Thuney, ambaye kazi yake ni ya ndani, alichezeshwa pembeni kushoto, Mahomes akaangushwa mara sita na Philadelphia ikashinda 40-22. Mwezi uliofuata Thuney alipelekwa Chicago kwa chaguo moja la raundi ya nne. Trey Smith, yule wa raundi ya sita, alipewa dola milioni 94 kwa miaka minne, na chaguo la mwisho la raundi ya kwanza ya drafti ya 2025 likatumika kumchukua Josh Simmons wa Ohio State, kijana wa pembeni kushoto, kwa mkataba wa chipukizi.