Mchora Fulana Naye ni Fundi

Kuna kazi ambayo sisi wa Mombasa hatujaipa heshima yake: kazi ya kijana anayechora fulana na kuziuza moja moja, hana duka wala ghala. Mchoro wake hukaa kwenye kompyuta mpaka mteja alipie. Hapo karakana, iwe ya mjini humu au ya ng'ambo, hupiga chapa fulana moja, ikaikunja na kuituma. Faida ya mchoraji ni kile kinachobaki baada ya kulipia kitambaa, uchapaji na usafiri.

Wapo wanaosema huyo si fundi, maana mashine si yake na wino hakuugusa. Nawaomba wafike maduka ya leso ya Biashara Street. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kutia misemo kwenye leso, mapema karne ya 20. Kwa miaka mingi leso za pwani zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani. Bibi zetu walizifunga, wakabebea watoto, wakasemezana kwazo na majirani. Kilichozifanya ziwe zetu ni jicho lililochagua mchoro na ulimi uliochagua jina, yaani ule msemo. Mashine ilikuwa ya watu tangu hapo.

Ufundi wa fulana una mizani yake. Leso ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina, na lazima vipatane. Fulana ina kifua na mgongo, tena vya mtu anayetembea. Anayepishana nawe kivukoni Likoni ana nafasi ya kusoma maneno matatu tu, basi hayo matatu yatoshe. Mchoraji hodari anajua kuwa rangi inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia kwenye pamba, na kwamba mstari mwembamba mno hupotea. Anajua fulana nyeusi hutandikwa wino mweupe kwanza ndipo rangi nyingine zikae juu. Picha yake ina nukta 300 kwa kila inchi, hivyo mchoro wa upana wa inchi 12 unataka nukta 3,600 kwa upana huo. Kabla ya kuuza hujiagizia moja, akaivaa kwenye joto la kaskazi, akaifua, akaianika, kisha akaikagua upya.

Mwenye duka la leso aliagiza kwa marobota. Jina likikataliwa na wanawake, mali ililala, kwa hivyo alipima sana kabla ya kuagiza. Mchora fulana hana hofu hiyo; anaweza kutoa michoro mia kwa usiku mmoja na asipoteze shilingi. Uhuru huo ndio mtihani wake. Kizuizi kilichowekwa zamani na hasara sasa lazima akiweke mwenyewe, kwa kuukataa mchoro ambao hauna la kusema.

Na ya kusema hayajaisha. Anayekaa Kizingo anaona meli zikiingia Kilindini karibu na ufuo, mibuyu mikongwe ya Mama Ngina, na watu waliokuja Lighthouse jioni kupunga upepo na kula mihogo. Akivuka kidogo yuko Mji wa Kale, kwenye milango ya nakshi. Simba na twiga atawachora yeyote, popote.

Maneno nayo yana mwenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajili Marekani "Hakuna Matata" kuwa alama ya biashara kwenye fulana, na mwaka 2018 Waafrika wengi walitia saini ombi la kuipinga. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini jibu la fundi ni kutunga: lugha iliyozaa majina ya leso kwa zaidi ya karne haishindwi kuzaa ya fulana.

Leso za Abdulla hubeba alama yake, "Mali ya Abdulla", na wanunuzi huitafuta. Kijana, nawe tia jina lako kwenye mchoro wako, na usiliweke penye kazi usiyoweza kuitetea. Nasi wanunuzi, kabla ya kuuliza bei, tuulize: hii kaichora nani?