Mipira Mitatu, Picha 36
Mwaka 1973 msanii wa Marekani John Baldessari alitoa picha 12 za mchezo mmoja: mipira mitatu inarushwa hewani, na kamera inajaribu kuinasa ikiwa imejipanga mstari ulionyooka. Jina la kazi lenyewe linakiri kwamba hizo ndizo bora kati ya majaribio 36, idadi ya picha katika mkanda mmoja wa filamu.

Ni rahisi kuicheka na kupita. Lakini mchezo huu unamnyima mpiga picha silaha yake kuu, yaani kupanga. Anabaki na jicho na kidole tu.

Niliujaribu uani na mdogo wangu, kwa machungwa matatu na simu. Sheria: picha 36, hakuna kufuta. Kumi za kwanza nilipata anga tupu; kidole kilichelewa. Kufikia ya 20 niliacha kuyafukuza machungwa, nikawa natazama bega lake, maana bega hutangulia mkono. Mstari haukupatikana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Baldessari. Kwake mipira inaelea kwenye anga la buluu, na aliyeirusha haonekani. Picha yangu ya 27 ina chungwa moja pembeni, na mdogo wangu kafumba macho, kajikunyata, akingoja mengine yamwangukie. Miaka yote nimempiga picha akiwa wima, akitabasamu kwa amri yangu. Hii ndiyo ya kwanza inayofanana naye.