Ukingo Usiohitaji Msasa

Ukitaka kumjua fundi seremala, usitazame vanishi. Pitisha kidole kwenye ukingo alioukata kwa ruta, ile mashine ya kuchonga kingo na nakshi, kabla haujapakwa kitu. Biti kali, yaani kile kisu chake kinachozunguka, huacha mng'ao wake: nyuzi za mbao zimekatika, hazikung'olewa, na kona ya nakshi imebaki kona. Msasa hauwezi kukupa hilo. Hulainisha, ndiyo, lakini huku unakula kona, na nakshi iliyosuguliwa sana hufifia. Ndiyo maana naheshimu kuchagua biti kuliko kazi zote zinazofuata.

Mbao ndiyo huamua kwanza. Mvule, tunaoupenda sana kwa milango, huficha ndani yake vijiwe vya chokaa usivyoviona mpaka biti ivigonge. Mtiki nao una silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga. Humo biti ya chuma kitupu hupoteza makali upesi mno. Hapo inahitajika yenye meno ya kabaidi. Chuma kina heshima yake, maana hunoleka kwa wembamba zaidi na kwenye paini hukata vizuri ajabu. Kila kimoja na mbao yake.

Shina la biti, lile linaloingia kwenye mashine, nalo lina neno. Kama ruta yako inapokea robo inchi na nusu inchi, chukua nusu inchi. Shina nene halitetemeki kirahisi, na mtetemo ndio unaoacha vile viwimbi vidogo vinavyojitokeza ukishapaka rangi.

Halafu mwendo. Biti ya milimita 12 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, makali yake hukimbia takriban kilomita 50 kwa saa. Weka ya milimita 50 kwa mzunguko ule ule, na makali yanapita kilomita 200 kwa saa. Hapo mbao huungua, na mkono uko hatarini. Biti pana ishushe hadi mizunguko kama 10,000 au 12,000.

Kinachobaki ni mkono, na hapa ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Ukitazama kutoka juu, biti huzunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo kwenye ukingo wa nje ipeleke ruta kinyume cha saa, ili mbao iipinge badala ya kuivuta ikakuponyoka. Anza na vichwa vya ubao, kule nyuzi zinakokatwa mtambuka, kwani kona ikinyofoka, pasi ya ubavuni itauondoa mnyofoko huo. Usile kina chote mara moja. Pasi ya mwisho iwe nyembamba, nusu milimita hivi, isiyosita njiani: ukisimama tu, doa jeusi limeshaingia. Fundi mzoefu husikiliza. Ruta ikianza kulia kwa sauti nzito, anajua amezidisha kina.

Na biti nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba zimeisha makali zimeganda utomvu tu. Itoe biti kwenye mashine, vua beringi yake kama inayo ili isipoteze grisi, loweka kwenye mafuta ya taa, kisha isugue kwa mswaki mkuukuu.

Kwa hiyo, ndugu fundi, usinunue sanduku la biti thelathini za bei ya chee. Nunua tatu nzuri za kabaidi: ya kukata mfereji, ya kuviringa ukingo, na yenye beringi ya kufuata kigezo. Hizo zinatosha kuanzia karakana.